Mwanamke Aitwaye Katalesi

Jina la mwanamke aliyekuwa akimnyang'anya mume, msusi alilisikia akiwa ameshika beseni la nguo zilizofuliwa, mlango wa uani ukiwa wazi nusu.

Mumewe alikuwa amempa mgongo. Alikuwa amechutama karibu na bomba, simu sikioni, anaongea kwa sauti ile ya chini ambayo mtu mzima huitumia kwenye misiba na kwenye mapenzi, na siku hiyo hapakuwa na msiba.

"Katalesi vipi safari hii?" alikuwa akiuliza. "Ameshuka tena? Aa, dada, usinitanie... Na Dismutesi je? Huyo angalau. Lakini si mlisema Dismutesi bila Katalesi ananiharibia tu? ... Hapana, niambie ukweli, mimi si mtoto... Alhamisi nitakuja. Mtaniosha tena? Sawa, ila mkiniosha huwa sina nguvu siku nzima."

Akasikiliza, akakuna kisigino.

"Nyumbani? Hapana, dada, hakuna wa kumpigia. Naishi peke yangu."

Mwanamke mwingine angeliangusha beseni. Msusi hakuliangusha, maana nguo zilizokuwa ndani yake ni za huyo huyo anayeishi peke yake, na alikuwa amezisugua kola kwa mikono. Alirudi ndani kinyumenyume, akaliweka beseni juu ya kitanda, juu ya shuka safi, maji yakapenya hadi kwenye godoro, naye akakaa pembeni akiyatazama. Peke yangu! Na yeye humu ndani ni nani, kabati?

Hapa lazima nimtetee kidogo huyo mume, kwa sababu hakuwa mwanaume wa kushukiwa. Kazi yake ilikuwa terazo: anamwaga simenti na vijiwe vya marumaru, vikishika anavisaga kwa mashine, halafu anavisugua mpaka mwenye nyumba ajione uso sakafuni. Ndiyo maana watu walimwita Msasa, na jina lilimganda hata mama yake mzazi akawa analitumia. Alikuwa akirudi jioni mweupe wa vumbi hadi kope. Sura yake ya kawaida tu, masikio yake makubwa, na mdomo wake hauishi utani. Msusi alikuwa mjane alipompata. Alimuuguza mume wa kwanza muda mrefu kabla ya kumzika, na alikuwa ameshasahau kwamba mtu anaweza kuingia nyumbani akacheka. Msasa alikuja kusaga sakafu ya saluni yake. Kazi ilipokwisha alikunja nyaya zake, akasimama mlangoni, akasema sakafu ameimaliza ila yeye mwenyewe ndiye bado hajamalizika. Msusi alicheka mpaka akashika ukuta.

Na sasa mwanaume huyo alikuwa amepoa. Zamani alikuwa akisikika kwa mluzi kabla hajafika kona. Sasa aliingia kimyakimya kama mpangaji aliyechelewa. Kitandani alilala akimgeuzia mgongo, uso dirishani. Katikati ya maongezi aliinuka ghafla, akasema anakwenda kuongea na simu nje, na msusi hakuwahi kusikia simu yenyewe ikiita. Akimkumbatia, alivumilia kidogo, halafu akageuza uso pembeni. Mke akiyaweka yote hayo pamoja, anapata jumla moja tu, na sasa jumla hiyo ilikuwa na jina.

Wivu ulimpanda, hata chai hakuigusa.

Saluni yake ilikuwa chumba kimoja kinachotazama barabara, viti viwili, kioo kirefu, na drai kuukuu la kukaushia nywele linalonguruma kama pikipiki. Kiti cha pili alikuwa akikishughulikia wifi yake, dada yake Msasa, mwanamke mwenye vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi. Msusi alikuwa ameapa asimwambie kitu, maana damu ni damu. Alijikaza tangu asubuhi. Ilipofika saa ya mteja wa tatu akamwaga yote.

"Katalesi?" wifi alisema, chanuo likiwa mdomoni. "Hilo jina la mtu au la dawa ya mende?"

"La mtu. Na ana mwenzake, Dismutesi."

"Wawili? Wifi, kuwa na huruma. Kaka yangu huyu huyu, mwenye masikio kama vipini vya sufuria, ndiye ana wanawake wawili nje? Wanamtakia nini?"

"Wanamwosha."

Wifi alichomoa chanuo mdomoni. "Wanamfanya nini?"

"Wanamwosha. Nimesikia kwa masikio yangu. Anawaambia, mkiniosha huwa sina nguvu siku nzima."

Mteja aliyekuwa kitini, mama anayeuza viatu mtaa wa pili, alikuwa amejifanya amesinzia. Hapo alifumbua macho. "Sasa hapo tunajadili nini?" aliuliza.

Wifi alimalizia kusuka harakaharaka. Mteja alipoondoka akaanza kufagia nywele, akafagia pahala pamoja pale pale mpaka msusi akamuuliza ana nini.

"Ukimwacha kaka yangu," wifi alisema akitazama ufagio, "na mimi utaniacha?"

Msusi mawazo yake yalikuwa mbali. Alikuwa anamfikiria Katalesi. Alikwisha kumchora kichwani, kutoka kucha hadi utosi: kijana, mwembamba, viatu vya kisigino, anayesema "jamani" kwa kulivuta. Na nywele zake, sijui kwa nini, zilikuwa za rangi ya asali. Kila alipomwona, aliziona hizo nywele kwanza. Msusi alijitazama kwenye kioo kirefu, akaona mwanamke mwenye kilemba cha kazini na mistari miwili kando ya mdomo, akakivua kilemba.

"Nichanganyie ya kupausha," alisema.

"Ya nani?"

"Yangu. Nataka rangi ya asali."

Wifi alijaribu kumzuia, akaambiwa kama hawezi kazi aseme. Basi akakoroga ule unga na peroksaidi kwenye bakuli, harufu ikapanda, ikawatoa machozi wote wawili. Msusi alikuwa amejikuna sana siku hizo, kwa mawazo, na karibu na sikio palikuwa na mkwaruzo mbichi. Dawa ilipogusa pale ilichemka povu jeupe, chwee.

"Inachoma?" wifi aliuliza.

"Kichwa si kitu," alijibu. "Kinachochoma kiko huku chini."

Msasa alipita jioni kumchukua mkewe waende nyumbani, kama alivyokuwa akifanya tangu waoane. Drai lilikuwa linanguruma, na msusi alikuwa amekaa chini yake, nywele zimeshageuka rangi, moyo unamwenda mbio kama wa binti anayesubiri kuposwa. Alimwona kwenye kioo akiingia. Alimwona anafungua mdomo, uso unaanza kuchangamka, anataka kusema kitu kizuri, angeapa kwamba kilikuwa kitu kizuri. Halafu mwanaume akafumba mdomo kwa kiganja, macho yakamtoka, akageuka, akatoka mbio.

Kupitia dirishani msusi alimwona amejishika ukutani, kichwa chini, mabega yanatikisika. Kwa lile drai hakusikia kitu, lakini ya kusikia yalikuwa ya nini? Alikuwa anacheka. Mkewe amejichoma ngozi ya kichwa kwa ajili yake, naye ametoka nje ili acheke vizuri, akamsimulie huyo Katalesi wake wakati wa kuoshwa.

Wakaondoka kwenda nyumbani. Msasa alitembea mbele kidogo, upande ambao upepo ulikuwa unatokea. Msusi aliliona hilo nalo, akaliweka kwenye jumla yake.

Alhamisi Msasa alioga mapema, akavaa shati lililopigwa pasi. Alipoulizwa anakwenda wapi akasema kuna sakafu ya kupima upande wa mjini. Fundi terazo anapimaje sakafu na shati jeupe? Msusi alijitia hamnazo, akamtakia kazi njema, akahesabu pumzi zake mpaka mlango ukafungwa, akajifunga mtandio juu ya nywele zake za asali, akatoka nyuma yake.

Kumfuata hakukuwa kazi. Mwanaume alikuwa anatembea kama mtu mwenye siku nzima ya kupoteza. Kila duka lenye dirisha alisimama: duka la viatu, duka la vyombo, hata duka la kuuza mabomba ya choo. Anasimama, anaweka mkono kwenye nguzo, anatazama bidhaa, anaendelea. Anamtafutia zawadi, msusi alijiambia akiwa nyuma ya kibanda cha simu, na alipoona amesimama tena kwenye vitambaa vya harusi, nusura atoke amrukie pale pale. Yeye kwa miaka yote ya ndoa zawadi zake zilikuwa sabuni.

Msasa aliingia kwenye geti la hospitali. Akapita wodi, akapita jikoni, akazunguka hadi jengo dogo la nyuma lililopakwa rangi ya kijani, akapanda ngazi taratibu sana, akapotea ndani.

Kumbe ni muuguzi! Ndiyo maana anajua kuosha.

Msusi alipanda ngazi zile kwa hatua tatu. Ndani palikuwa na ukumbi mwembamba, benchi, na karani mwanaume nyuma ya meza, kalamu imemkaa nyuma ya sikio.

"Namtaka Katalesi," msusi alisema.

Karani hakushtuka hata kidogo. "Katalesi ya nani?"

"Ya mume wangu."

"Majibu ya katalesi anatoa daktari mwenyewe, mama. Sisi hapa haturuhusiwi."

"Sikuja kutaka majibu. Namtaka mwenyewe atoke, mwili na miguu. Mwambie mke wa Msasa amefika, na leo nitampa vidonge vyake."

"Hapa vidonge navyo anatoa daktari," karani alisema, sasa akiwa na wasiwasi kidogo, na kwa sababu sauti ya mama ilikuwa inaendelea kupanda, akaenda kugonga mlango wa ndani.

Aliyetoka alikuwa mwanamke mfupi, sweta la kijivu limevaliwa juu ya koti jeupe, kifaa cha kusikilizia kifua kinaning'inia shingoni. Hakuwa na visigino. Nywele zake zilikuwa fupi na nyeusi, zimekatwa bila ustadi wowote.

"Wewe ndiye Katalesi?" msusi aliuliza.

Daktari alicheka. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyeshtukizwa, akakikata mara tu alipouona uso ulio mbele yake. "Hapana, mama. Samahani. Katalesi si... Tafadhali, kaa. Siwezi kuzungumza habari za mgonjwa na mtu mwingine."

"Mimi si mtu mwingine. Mimi ni mke wake."

"Lakini Msasa hana mke," alisema karani, mtu wa kweli tupu, bila kuona alichokanyaga.

Ndipo mlango wa ndani ukafunguka tena, Msasa akatokea na gauni la hospitali lililofungwa kamba kwa nyuma, miguu yake myembamba nje, masikio yake yale yale. Alimtazama mkewe. Alitazama mtandio, na nywele zilizochomoza chini yake. Akataka kusema, kikohozi kikamwahi, akajiinamia na kiganja mdomoni, mabega yakitikisika. Hapa hapakuwa na drai. Msusi alisikia jinsi kilivyokuwa kikavu, na kirefu, na jinsi mwishoni kilivyokosa hewa.

"Mwambie, daktari," Msasa alisema alipoweza. "Mwambie yote."

Waliingizwa kwenye chumba chenye kitanda chembamba na picha ya kifua iliyobandikwa kwenye taa. Daktari alieleza polepole, na msusi alisikiliza huku amekunja mikono, kama mteja asiyeamini bei.

Vumbi la terazo, alisema, limemwingia Msasa mapafuni kwa miaka mingi. Mwili unapigana nalo, na katika kupigana huko unamwaga sumu. Sumu hizo hazichagui, zinaunguza vumbi na zinaunguza pafu lenyewe. Kwa hiyo mwili umejiwekea walinzi, wanaitwa vimeng'enya. Cha kwanza ni dismutesi: kinaipokea ile sumu kali na kuigeuza kuwa peroksaidi.

"Peroksaidi?" msusi alidakia. "Hii yetu ya saluni?"

"Hiyo hiyo. Kidogo sana, lakini hiyo hiyo. Sasa nayo ikiachwa itaunguza. Hapo ndipo anaingia katalesi. Anaivunja, inabaki maji na hewa safi tu. Umewahi kuona peroksaidi ikigusa kidonda?"

"Inatoa povu."

"Povu lile ni katalesi akifanya kazi."

Msusi aliinua mkono hadi karibu na sikio, pale penye mkwaruzo, akaushusha.

"Kwa mumeo," daktari aliendelea, "katalesi amepungua. Tunaingiza mpira mwembamba hadi mapafuni, tunamwaga maji kidogo, tunayavuta tena, tunapima. Ndiko kuosha kwenyewe. Palipoungua mwili unaweka kiraka, na kiraka hicho ni kovu. Kovu halipitishi hewa. Hatujui bado kama katalesi alipungua ndipo kovu likaja, au kovu lilikuja ndipo akapungua. Ndicho tunachokitafiti. Kuna dawa tunaijaribu, huenda ikamwongeza. Sitaki kukudanganya kwamba itafuta kovu. Lililopo litabaki. Tunataka lisitambae."

Basi hakukuwa na mwanamke. Ungedhani msusi angepumua, angecheka, angemwambia Mungu asante. Wala! Kwa dakika moja ndogo ndiyo, moyo ulitulia. Halafu wivu ukarudi, mkubwa kuliko ule wa kwanza, na huu haukuwa na pa kuupeleka. Mwanamke ungemngoja barabarani ukamshika. Hiki kitu hakina nywele za kuvuta. Hata kijiba cha roho alichokuwa nacho kwa yule kijana wa visigino kilikuwa na raha yake. Huyo angalau angeshindana naye. Lakini hapa palikuwa na chumba kizima cha watu waliokwisha kumwona mume wake ndani, wakajua pafu lipi limeungua, wapi, kiasi gani, na hata karani wa kalamu alijua Alhamisi ya mume wake. Yeye, aliyemfulia nguo, alijua nini? Alijua anapenda uji usio na sukari.

"Naomba hicho," alisema akionyesha kifaa shingoni mwa daktari.

"Mama..."

"Ninyi mmeshamsikiliza. Na mimi nataka."

Daktari alimtazama Msasa, Msasa akageuka mwenyewe, akafungua kamba za gauni. Daktari alikipasha joto kwenye mkono wa sweta kile kikombe baridi cha kifaa, akakiweka chini ya bega, akamvisha msusi masikioni. "Vuta pumzi," akasema.

Mwanzoni msusi alisikia bahari ya kelele. Halafu, mwishoni mwa pumzi, akasikia mlio mdogo mkavu, kriki-kriki-kriki, wa nywele zilizoungua ukizisugua kati ya vidole karibu na sikio. Alikuwa ameusikia maisha yake yote vichwani mwa watu. Hakujua ungeweza kutoka ndani ya mtu. Alisikiliza mpaka Msasa akachoka kuvuta pumzi.

"Na anahitaji nini nyumbani?" aliuliza akivua kile kifaa, bila kukirudisha.

Daktari alisita. "Avae barakoa kazini, na asage kwa maji, asisage kavu. Bora zaidi aache kusaga kabisa. Akae mbali na moshi. Na harufu kali." Akautazama mtandio. "Dawa za kupausha nywele, kwa mfano. Zinambana hapo hapo."

Msusi akaielewa jumla yake yote upya, moja moja. Mgongo kitandani. Uso uliogeuzwa pembeni kila alipomkumbatia na nguo zake za saluni. Kutembea upande wa upepo. Jioni ile ya dirishani. Alikuwa amemhesabia kila pumzi aliyoikosa kuwa pumzi aliyompa mwingine, kumbe yeye ndiye aliyekuwa akimnyima.

Alimgeukia. "Kwa nini hukusema?"

"Ni kazi yako."

"Si hilo. Kwa nini hukusema unaumwa? Unaishi peke yako, wewe? Unaishi peke yako?"

Daktari akakumbuka ghafla kwamba ana kitu cha kufanya kule ukumbini, akatoka, akaacha kifaa chake.

Msasa alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, akizungusha kamba ya gauni kwenye kidole. "Unakumbuka ulichoniambia nilipokuja kukuposa?"

"Nilisema mengi."

"Ulisema umeuguza mpaka mikono imenuka dawa. Ukasema, mimi nikiolewa tena, naolewa na mzima. Ukanishika mkono hapa, ukaminya, ukasema, huyu mzima. Ukacheka." Alipumzika kidogo, akavuta hewa. "Mke wangu, mimi namwonea wivu marehemu. Cheka tu ukitaka. Mtu amelala kaburini, mimi namwonea wivu. Mpaka leo ukimtaja sauti inabadilika. Yeye ulimpa miaka yako ya kuuguza, nikasema sawa, mimi nitachukua miaka ya kucheka. Hiyo yeye hakuipata. Hiyo ni yangu peke yangu. Sasa nikiugua na mimi, nitakuwa yeye. Nitakuwa yeye wa pili. Na machozi mazuri ulishamlilia yeye, mimi yatanifikia yapi?"

Msusi alimtazama mwanaume huyo aliyeweza kukaa na gauni lililo wazi mgongoni akasema maneno kama hayo. Alitaka kumpiga. Alitaka kumfunga zile kamba vizuri, kwa fundo ambalo hakuna daktari angelifungua.

"Una wivu mbaya sana wewe," alisema hatimaye.

"Najua."

"Mwanaume mzima."

"Najua."

"Yule sikumchagua akiwa mgonjwa, na wewe sikukuchagua kwa sababu ya mapafu. Nani anachagua mtu kwa mapafu? Na ule utani wako wa sakafu ulikuwa wa kijinga, nilicheka kwa sababu nilikuwa nakutaka tayari." Alikuwa anafunga kamba sasa, kwa nguvu, akimvuta huku na huku. "Hasira yangu haijaisha. Ujue hivyo. Itakaa muda mrefu."

"Ikae," Msasa alisema. "Mradi ikae nyumbani."

Kabla ya kuondoka msusi alisimama mbele ya meza ya karani, akamwangalia mpaka yule akaweka kalamu chini. "Sahihisha," alisema. "Huyu ana mke. Na Katalesi akipanda, akishuka, akifanya nini, mnanipigia mimi kwanza."

Nje jua lilikuwa kali na ngazi zimejaa watu: wagonjwa na ndugu zao, wauguzi wanaobadilishana zamu. Msusi alivua mtandio, akaukung'uta, akaukunja akaushika mbali na mumewe, usimpelekee harufu ya dawa, mkono ule mwingine ukiwa kwenye kiwiko chake. Hawakuwa wamefika nusu ya ngazi alipouona ule mkao anaoufahamu: kidevu kinashuka, mwili unakaza, mwanaume anaanza kutazama pembeni akitafuta simu mfukoni, akitafuta pa kwenda.

"Unakwenda wapi?" alimuuliza.

Msasa alitikisa kichwa, mdomo umefumbwa, machozi yanamlenga kwa kujizuia.

"Kohoa."

Akatikisa kichwa tena. Watu wanapita.

"Kohoa hapa hapa, mbele yangu. Usinipeleke mbali."

Kikatoka. Kilimkunja mara mbili, kikamketisha kwenye ngazi, kikaendelea na kuendelea, kikavu kile kile. Msusi alikaa naye, mkono mgongoni, chini ya bega, pale alipoonyeshwa, akisikiliza kwa kiganja. Watu walisimama. Binti mmoja mrembo aliyevaa sare ya uuguzi aliinama, akanyoosha mkono kumshika Msasa bega, akauliza kwa upole kama anaweza kusaidia.

Msusi aliuondoa mkono ule.

"Mwache," alisema. "Huyu ni wangu."